Ufunguo wa Nyumba na Bei ya Cheo

Mwaka 1960 ilianza kuonyeshwa sinema ya Kimarekani iitwayo "The Apartment". Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa jeshi na polisi ni akina nani waliocheza humo, na jinsi wahakiki walivyoipokea. Ni mchezo wa mapenzi wenye kuchekesha na kuhuzunisha, lakini jambo lake kubwa ni cheo na njia za kukipata.

Jack Lemmon, ambaye alipata kutumika katika jeshi la majini la Marekani, ndiye Baxter, karani mdogo wa kampuni ya bima mjini New York. Wakubwa wake wanne huazima ufunguo wa nyumba yake wapate kukutana na wanawake wa siri, naye hukaa nje penye baridi akitumaini kupandishwa cheo. Cheo chaja kweli. Kisha Sheldrake, mkuu wa watumishi, autaka ufunguo huohuo. Na mwanamke wake ni Fran, mwendesha lifti ambaye Baxter anampenda.

Fran anachezwa na Shirley MacLaine, na Sheldrake na Fred MacMurray, aliyepewa nafasi hiyo baada ya Paul Douglas kufariki mwaka 1959. MacMurray alikuwa ametoka kucheza sinema ya watoto ya kampuni ya Disney. Kwa hiyo uovu wake wenye tabasamu uliwachoma zaidi watazamaji. Jack Kruschen ni daktari wa jirani, amwokoaye Fran aliyemeza vidonge vya usingizi mkesha wa Krismasi, kisha akamwambia Baxter awe mtu. Sisi tungesema: awe na utu.

Wahakiki waligawanyika. Bosley Crowther wa gazeti la New York Times aliisifu. Hollis Alpert wa Saturday Review aliiona ni hadithi chafu. Na hakika yafaa kuuliza: uzinzi na jaribio la kujiua vyaweza kuchekewa? Jibu letu ni kwamba Billy Wilder, mwongozaji, aliyeiandika pamoja na I. A. L. Diamond, hakuupamba uchafu huo, bali alionyesha ni nani anayeulipia. Mwaka 1961 sinema hii ilipata tuzo 5 za Oscar, mojawapo ikiwa ya sinema bora. Lemmon na MacLaine walizikosa Oscar, lakini Uingereza iliwatuza wote wawili. Mwaka 1994 iliingizwa katika hifadhi ya taifa ya filamu za Marekani.

Sisi tuliokula kiapo twajua kwamba amri halali ya mkubwa hutiiwa bila kusita. Lakini ufunguo wa nyumba ya Baxter haukuwa amri ya kazi. Ulikuwa hongo iliyovikwa vazi la utii, na kila alipoutoa, heshima yake ilipungua na cheo chake kikapanda. Mwishowe Sheldrake anaudai tena. Baxter anamkabidhi ufunguo wa choo cha wakubwa, akijua kwamba kwa tendo hilo anakirudisha cheo chenyewe, kisha anaondoka.

Sinema haimpatii kazi nyingine. Yamwacha chumbani, mizigo imefungwa, akicheza karata na Fran, ambaye amemkimbia Sheldrake usiku wa mwaka mpya.