Mgonjwa Asiyeonewa Huruma

Fikiria familia tatu zinazoishi jirani hapa mjini Kalemie, Kongo, tuseme mtaa wa Kataki. Ya kwanza ina kijana wa kifafa. Akianguka sokoni watu wanasogea mbali, wengine kwa kuogopa mate yake, lakini hakuna anayesema ameanguka makusudi. Ya pili ina mama anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Watamwita kichaa, watoto watamrushia mawe, na pengine ndugu zake watamfunga kamba katika chumba cha maombi. Hayo ni mateso, wala sitayapunguza kwa maneno. Hata hivyo ndani yake mna imani kwamba kuna kitu kimempata: pepo, bulozi (yaani uchawi), malaria iliyopanda kichwani.

Familia ya tatu ina binti wa miaka 22. Asubuhi rafiki yake ni malaika. Jioni anamtukana mbele za watu kwa kuwa hakupokea simu. Uchumba umevunjika mara kwa mara. Hasira ikipita anabaki na aibu nzito, na usiku akiwa peke yake anajikata mikono. Nimewakusanya hao watatu kutoka kwa watu wengi, hakuna aliye mtu mmoja, ila wakazi wa mji huu watawatambua. Na watatambua pia neno ambalo jirani hulisema juu ya huyo wa tatu: "Ule mutoto ana roho mubaya."

Wataalamu huiita hali ya binti huyu maradhi ya haiba. Haiba ni ile namna ya kudumu ya mtu kujiona, kuwaona wenzake na kuhimili hisia zake. Kila mmoja ana yake: kuna mpole, kuna mwenye hasira za karibu, kuna mwenye wivu. Inakuwa maradhi pale inapokakamaa kwa miaka hadi mtu anaharibikiwa nyumbani, kazini na kanisani, na mwenyewe anateseka. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 iliacha majina mengi ya zamani. Sasa hupimwa kwanza ukali, kama ni mdogo, wa kati au mkubwa, ndipo sura yake ielezwe. Sura ya binti wetu ndiyo inayoitwa haiba ya mpakani: hisia zinazopanda na kushuka kwa kasi, hofu kali ya kuachwa, kujiumiza. Wala si jambo la nadra, au la Wazungu peke yao. Utafiti wa kimataifa katika nchi 13, zikiwemo Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba watu 6 hivi katika kila 100 wana maradhi ya haiba ya aina moja au nyingine.

Kwa nini basi huyu akose huruma? Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, Bernard Weiner, na wenzake walionyesha kwamba tukiona mtu ana shida tunajiuliza moyoni kama angeweza kuizuia. Tukijibu hapana, huruma inakuja na mkono unanyooka kusaidia. Tukijibu ndiyo, tunakasirika. Binti wetu anaongea vizuri, anapanga ndagala zake sokoni bila kukosea hesabu, anajua kuvaa na kucheka. Mtu anayemwona hivyo saa nne asubuhi, kisha akamwona anavunja sahani saa kumi jioni, anahitimisha kwamba amependa mwenyewe. Akili yake inaonekana nzima, na uzima huo ndio unaomhukumu.

Hata imani zetu za asili zinamgeuzia mgongo. Mama anayesikia sauti hufikiriwa kuwa amerogwa. Yeye ni mhanga wa bulozi. Mtoto mkaidi, mwenye hasira, asiyelala, anayejibu wakubwa, mara nyingi huwekwa upande wa pili: yeye ndiye mulozi. Nchi yetu imelijua tatizo hili kiasi cha kulitungia sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inatoa adhabu kwa anayemsingizia mtoto uchawi. Nisieleweke vibaya: si kila mtoto aliyesingiziwa ana maradhi, na wengi kosa lao lilikuwa kufiwa na wazazi tu. Lakini njia ya fikra ni ileile. Yule mama uovu umemwingia, mtoto huyu uovu unatoka kwake. Mama ataombewa. Mtoto atafukuzwa, na akilala nje usiku kucha hakuna atakayetoka kumtafuta.

Ningependa kusema kwamba akifika hospitali mambo hubadilika. Hayabadiliki sana, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika kazi yangu ya uuguzi. Mwaka 1988 huohuo, Glyn Lewis na Louis Appleby walichapisha nchini Uingereza utafiti ambao kila mtu wa afya ya akili angepaswa kuujua. Waliwapa madaktari wa magonjwa ya akili maelezo ya mgonjwa wa kubuni. Maelezo yalifanana, isipokuwa kwamba baadhi ya madaktari waliambiwa mgonjwa huyo alikwisha kutajwa kuwa na maradhi ya haiba. Hao ndio waliomwona kuwa msumbufu, anayetafuta kutazamwa, asiyestahili muda wao, na anayeweza kujizuia asijiue akitaka. Maneno machache kwenye faili yaligeuza macho ya watu waliosomea kuelewa wagonjwa. Ilipofika mwaka 2003 wizara ya afya ya Uingereza ililazimika kutoa mwongozo wa kusema waziwazi kwamba jina la maradhi haya lisiwe sababu ya kumnyima mtu huduma. Fikiria ugonjwa mwingine wowote ambao serikali imehitaji kuuandikia waraka wa namna hiyo kwa waganga wake wenyewe.

Lawama hii ina madhara ya pekee kwa mgonjwa huyu. Maradhi ya mpakani yamejengwa juu ya hofu ya kuachwa. Binti anafika kituo cha afya baada ya kujikata, muuguzi amechoka, anamshona kimya, anasema "umerudi tena?" na kumwonyesha mlango. Kwa mgonjwa mwingine huo ni utovu wa adabu tu. Kwake ni ushahidi wa kile alichokuwa akikiogopa tangu utotoni, na moto unawaka: anapiga kelele, anatukana, anatupa kiti. Muuguzi naye anapata ushahidi wake kwamba huyu ni mkorofi. Kila mmoja anaondoka akiamini alikuwa sahihi. Mtu wa kifafa akidharauliwa ataumia moyo, lakini dharau haiandiki upya historia ya ugonjwa wake. Ya binti inaandikwa upya palepale, na mtu wa afya ni mmoja wa waandishi.

Kuna neno jingine linalonitia wasiwasi: "anajifanyisha." Watu huamini kwamba anayejikata mara kwa mara hatakufa, kwa sababu angetaka angekwisha kufa. Hospitali ya McLean, karibu na Boston, ilianza mwaka 1992 kuwafuatilia wagonjwa 290 wa haiba ya mpakani chini ya Mary Zanarini. Miaka 24 baadaye, 5.9% yao walikuwa wamekufa kwa kujiua, na wengine zaidi ya hapo kwa sababu nyingine, wengi kabla ya umri wao. Mtu anayejiumiza ili maumivu ya moyo yapungue, na yule anayetaka kufa, anaweza kuwa mtu mmoja kwa siku mbili tofauti. Atendewe kwa uzito kila mara.

Je, roho hii "mubaya" inatoka wapi? Sehemu inarithiwa: utafiti mkubwa wa familia nchini Sweden uliochapishwa 2021 unakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya maradhi ya mpakani inatokana na urithi. Sehemu nyingine inatoka utotoni. Watafiti wa Manchester walipounganisha tafiti nyingi mwaka 2020 walikuta kwamba watu wenye haiba ya mpakani walikuwa na uwezekano mara 14 hivi kuliko watu wasio na maradhi ya akili wa kusimulia mateso ya utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kutelekezwa, na hasa kudharauliwa nafsi. Hapo inabidi mkoa wetu wa Tanganyika usimame na kujitazama. Mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipochacha kuanzia mwaka 2016, vijiji viliungua na maelfu walikimbilia kando ya mji huu, katika kambi kama Katanika na Kalunga. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka huo anatimiza 18 mwaka 2026, na ni katika ujana na mwanzo wa utu uzima ambapo maradhi ya haiba hujitokeza wazi. Walio wengi hawataugua, kwa maana bibi aliyebaki, shangazi mwenye subira au mwalimu mmoja mwema hukinga kuliko tunavyodhani. Lakini baadhi wataugua, nasi tutawaona wakiwa vijana wasiosikia la mkuu, tukiwa tumesahau walichokiona.

Baba mmoja wa ukoo ataniuliza, na ana haki: "Munganga, sasa anayetuvunjia nyumba tumwache kwa sababu ni mgonjwa?" Hapana, papa. Mwenye maradhi ya haiba anajua anachokifanya na anawajibika kwa aliyemwumiza, akipiga, amepiga. Tena si kila mume anayempiga mkewe, wala kila mwenye bunduki msituni, ni mgonjwa wa haiba; wengine ni wakatili tu, na kuwaita wagonjwa ni kuwatukana wagonjwa halisi, ambao wengi wao hujidhuru wenyewe kuliko kumdhuru mwingine. Familia inaruhusiwa kuweka mpaka: hapa hatutukanani, fedha hii hatutoi, usiku mlango unafungwa saa fulani. Kinachotakiwa ni mpaka usemwe kwa sauti ya kawaida na ushikwe vilevile Jumatatu na Ijumaa. Mpaka unaowekwa kwa hasira leo na kusahauliwa kesho ndio unaomchanganya.

Habari ambayo haijafika Kalemie ni kwamba watu hawa hupona. Katika kundi lile la McLean, ndani ya miaka kumi, 93% walipata kipindi cha angalau miaka miwili bila kutimiza tena vigezo vya ugonjwa. Kupata kazi ya kudumu na uhusiano imara kulikuwa kugumu zaidi, nusu tu ndio waliofika huko, lakini hiyo si sura ya roho isiyobadilika. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha mwaka 1991 majaribio ya kwanza ya tiba ya maongezi kwa wanaojiumiza wa aina hii, alitangaza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe, akiwa na miaka 17, alilazwa hospitali ya akili kwa kujikata na kujichoma. Aliyetengwa katika chumba cha peke yake ndiye aliyewafundisha wengine kutibu.

Hakuna kidonge kinachoponya maradhi haya, na Valium za dukani ambazo familia hununua ili "alale kidogo" zinaweza kumfanya ashindwe kuziacha na kumwondolea kujizuia. Tiba ni maneno na uhusiano unaodumu. Utasema tiba za namna hiyo ni za matajiri. Lakini huko Kanada, Shelley McMain na wenzake waliwagawa wagonjwa 180 katika makundi mawili: moja lilipata tiba ya Linehan kwa ukamilifu wake, jingine likapata ufuatiliaji mzuri wa kawaida, wa kila wiki, kwa madaktari walioyajua maradhi haya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakutofautiana: katika makundi yote mawili kujiumiza kulipungua kwa kiasi kimoja. Karibu nasi zaidi, Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, wasaidizi wa kijamii wasio madaktari walifundishwa tiba ya maongezi ya vikundi kwa wanawake walionusurika ubakaji. Matokeo yalitoka mwaka 2013: miezi sita baada ya tiba, 9% ya waliotibiwa kwa vikundi bado walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya 42% ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Utafiti huo haukuhusu maradhi ya haiba. Ulionyesha kwamba watu wa mahali hapa, kwa lugha za mahali hapa, wanaweza kufanya kazi hii.

Na kazi itabidi ifanyike hapahapa. Hospitali ya akili ya SOSAME ya Bukavu, inayoendeshwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité, iko mbali, na Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain kiko Lubumbashi, safari ambayo familia ya mvuvi haiimudu. Wauguzi wa vituo vyetu hufundishwa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, toleo la mwaka 2016. Una sura ya sonona, ya kifafa, ya kuchanganyikiwa akili, ya ulevi, ya kujiumiza na kujiua. Sura ya maradhi ya haiba haimo. Muuguzi mwaminifu anayefungua kitabu hicho kumtafuta binti wetu atamkuta katika kurasa za kujiumiza tu, yaani atalijua jeraha bila kumjua aliyejeruhiwa.

Kwa hiyo nawaomba wauguzi wenzangu waanze na kidogo kilichoko mikononi mwao. Msiandike "mkorofi" kwenye fishi ya mgonjwa. Andikeni alichofanya na kilichotokea kabla yake. Jeraha lishonwe kwa dawa ya ganzi kama la mtu mwingine yeyote. Muulizeni wazi kama anafikiria kufa; swali hilo halimpi mtu wazo. Mpeni siku na saa ya kurudi hata kama kidonda kimefunga, ili asihitaji kidonda kipya ndipo apokelewe. Mkutano uwe mfupi, dakika ishirini zinatosha, na uishe kwa wakati uliosemwa. Ikiwa mtasafiri au zamu itabadilika, mwambieni wiki moja kabla, na mumtajie jina la atakayemkuta.