Shilingi ya Maharage Inalala Wapi?

Maharage yakishauzwa Sanya Juu, wilayani Siha, pesa hukaa. Sare, michango na ada ya mtoto aliye shule ya binafsi vinasubiri Januari, mbegu na mbolea vinasubiri masika. Kati ya Agosti na hapo kuna miezi mitano au sita ambayo laki nne za mama muuza maharage, au milioni nne za mwenye shamba la viazi, hazina kazi ya kufanya. Na ndipo matangazo yanapowafikia: fungua akaunti ushinde pikipiki, lipa kwa kadi upate zawadi, weka akiba uingie kwenye droo.

Tuanze na hizo droo, kwa kuwa ndizo zinazong'aa. NMB wamekuwa na Bonge la Mpango na MastaBata, CRDB wamekuwa na Tisha na TemboCard, na benki nyingine zina za kwao. Si utapeli. Kampeni za aina hii zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na washindi wanapewa zawadi zao. Ila zawadi ya bahati nasibu haina asilimia. Huwezi kuiweka kwenye hesabu ya Januari, kwa sababu hujui wangapi mmeingia kwenye kapu moja. Kama ulikuwa unalipa kwa kadi hata bila droo, shiriki, hupotezi kitu. Kama unahamisha akaunti kwa ajili ya pikipiki, umekata tiketi ya bahati nasibu kwa bei ya makato ya benki mpya.

Makato hayo ndiyo mwenye fedha kidogo anapaswa kuyatazama kwanza, kabla hata ya riba. Mchukulie yule mama wa laki nne. Anaziweka kwenye akaunti ya kawaida ya akiba kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, kiwango ambacho kwa akaunti za namna hiyo nchini si kibaya. Kwa miezi mitano riba yake ni Sh 5,000. Serikali inachukua asilimia 10 ya riba kama kodi ya zuio, zinabaki 4,500. Sasa tuseme akaunti hiyo inakatwa Sh 1,000 kila mwezi ya uendeshaji. Miezi mitano, Sh 5,000. Mama ameilipa benki Sh 500 ili imtunzie pesa, na bado hajalipia kutoa kwa wakala wala nauli ya kushuka Boma ya Ng'ombe.

Kwa laki nne, basi, swali la kumuuliza wakala si riba ni ngapi. Ni hili: "Kaka, akaunti hii inakatwa nini kwa mwezi, na nikitoa laki moja hapa kwako inakatwa ngapi?" Benki kadhaa zina akaunti nyepesi zisizo na makato ya mwezi, zinazofunguliwa kwa namba ya NIDA na simu, lakini mara nyingi hazitajwi mpaka uziulize. Akaunti isiyokukata chochote na isiyokupa riba inamfaa mama huyu kuliko ile yenye asilimia 3 na makato ya kila mwezi.

Pesa ya kwenye simu nayo ina jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo siku hizi inaitwa Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja faida iliyotokana na pesa zao zilizokuwa zimehifadhiwa katika mabenki, na ilikuwa huduma ya kwanza ya pesa za simu duniani kufanya hivyo. Benki Kuu ilikuwa imeruhusu mgawo huo mwaka huohuo. Ule ujumbe wa gawio unaoufuta ukidhani ni tangazo ni pesa yako. Ni ndogo, sikudanganyi, lakini inakuja bila wewe kujaza fomu yoyote. Tozo ya miamala nayo, ile iliyoanza Julai 2021 ikifika hadi Sh 10,000 kwa muamala mkubwa, ilipunguzwa mara kadhaa na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye pesa za simu. Bado nakutana na watu wanaosafiri na noti kwenye soksi kwa hofu ya tozo ambayo haipo tena. Ada ya mtandao yenyewe ipo, na inamuuma zaidi anayetoa vipande vidogovidogo. Anayelipa dukani kwa lipa namba badala ya kutoa kwanza anaikwepa sehemu kubwa ya ada hiyo.

Mwenye milioni nne yuko kwenye soko jingine kabisa, na hapa ndipo Watanzania wengi tunaacha hela mezani kwa aibu tu. Kila mwezi Benki Kuu inachapisha wastani wa riba za mabenki, na jedwali lake lina mstari wa riba za amana ambazo mteja amezungumza na benki mpaka wakakubaliana. Mstari huo siku zote uko juu ya ule wa wasiozungumza. Riba ya amana ya muda maalum, kufiksi kama tunavyosema mtaani, inajadilika kama bei ya gunia la viazi. Chukua karatasi ya benki ya kwanza, ipeleke ya pili: "Dada, wenzenu wananipa asilimia 7 kwa miezi sita. Ninyi mnanipa ngapi?" Tuseme anakuambia 9. Kwa milioni nne, asilimia 7 kwa nusu mwaka inakuachia Sh 126,000 baada ya kodi, asilimia 9 inakuachia 162,000. Swali la dakika mbili limelipa Sh 36,000.

Wakati unauliza, uliza mambo mawili mengine. Ukivunja kabla ya muda unapoteza nini? Kwa kawaida riba yote au sehemu yake kubwa. Na siku ya kuiva, pesa inarudi kwenye akaunti yako au inajifiksi tena yenyewe? Wapo waliofika dirishani Januari na barua ya shule mkononi wakaambiwa amana yao imejifungia miezi sita mingine. Kwa pesa ya shule, andika tarehe ya kuiva iwe Desemba mwanzoni, kabla wana wa Kilimanjaro hawajarudi nyumbani kula sikukuu na foleni za benki hazijarefuka.

Asiyetaka kufungiwa ana vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mfuko wa Ukwasi ulianzishwa 2013 kwa ajili ya pesa ya muda mfupi, na ukiomba kuuza vipande unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Faida yake haijaahidiwa kwa asilimia kama ya fiksi, inapanda na kushuka na soko. Kwa mwenye pesa asiyoihitaji kwa miaka mingi, Benki Kuu inauza hatifungani za serikali kuanzia Sh 1,000,000, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Hapo angalia mwaka wa kununua. Ile ya miaka 25 ilitoka 2021 kwa asilimia 15.95, mwaka uliofuata mpya zikatoka kwa 12.56. Aliyeweka milioni moja kwenye ya kwanza anapokea Sh 79,750 kila nusu mwaka, jirani yake aliyechelewa anapokea 62,800. Mfumuko wa bei umekuwa ukizunguka asilimia 3 tangu 2024, hivyo wote wawili wako mbele. Aliyeacha milioni yake kwenye akaunti ya akiba ndiye anayerudi nyuma taratibu bila kuambiwa.

Usalama sasa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa mara moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa Meru Community Bank, jirani zetu wa upande wa Arusha. Bodi ya Bima ya Amana wakati huo ililipa hadi Sh 1,500,000 kwa mteja. Mwenye zaidi alisubiri ufilisi. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi Sh 7,500,000, kwa kila mteja katika kila benki. Mwenye milioni 12 anazigawa katika benki mbili, mambo yameisha. Bima hiyo haifiki kwenye vikundi vya VICOBA wala upatu. Waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI, uliozimwa 2009, waliahidiwa kuvuna mara mbili na zaidi, na hakuna bodi iliyowalipa.

VICOBA vyenyewe sina ugomvi navyo. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe. Kwenye kugawana Desemba, mwanachama akipata asilimia 20 au 30 juu ya hisa zake anaisifu kuliko benki yoyote. Lakini riba hiyo haitoki mbinguni. Imelipwa na wanachama waliokopa. Katika kikundi kimoja yupo anayeondoka na faida na yupo aliyeilipa, na mara nyingi aliyekopa sana ndiye mwenye shida zaidi. Kabla ya kushangilia mgao, jumlisha riba uliyolipa mwaka mzima kisha uitoe. Ukibaki na hasi, kikundi kimekusaidia kukopa, hakijakusaidia kuweka akiba, na hivyo ni vitu viwili.

Riba kubwa kuliko zote imejificha kwenye matumizi ya kila siku. Nyumba ndogo iliyo kwenye tarifa D1 ya TANESCO inalipa Sh 100 kwa uniti, au 122 ukiweka kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, kwa bei zilizopangwa 2016. Ya 76 inaruka hadi 350, yaani 427 na kodi zake. Anayenunua umeme tarehe 29 akiwa ameshamaliza 75 analipa zaidi ya mara tatu kwa kitu ambacho kesho kutwa kingekuwa cha bei ya chini. Mbolea ya ruzuku nayo: msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa DAP au UREA ulishuka kutoka zaidi ya laki na ishirini hadi Sh 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha kijijini. Hakuna fiksi inayookoa asilimia arobaini kwa safari moja ya ofisi ya kijiji.

Na mahindi. Mkulima wa Siha anayeyatia kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ambamo hata dumuzi tunayemwita Scania hufa kwa kukosa pumzi, anaweza kungoja bei. Tuseme gunia ni Sh 60,000 wakati wa mavuno na 80,000 ifikapo Machi. Hiyo ni theluthi nzima kwa miezi sita, ingawa mwaka wa mavuno mazuri kila mahali, au mipaka ikifungwa, bei inaweza isipande kabisa.

Kuna mtu mmoja tu ambaye hapaswi kungoja hata mwaka wa bei nzuri: mwenye deni la kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wenye leseni wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 ilizitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kausha damu haijui ukomo huo. Mwenye deni linalotozwa asilimia 10 ya mkopo kila mwezi analipia 60 kwa miezi sita, huku gunia lake likipanda 33. Huyo auze gunia leo kwa elfu sitini.