Bujumbura, Mji Uliozaliwa Kambini

Askari aendaye Bujumbura kwa mara ya kwanza, awe likizoni au katika mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Afrika Mashariki, huvutwa kwanza na Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo iliyosimama ng'ambo, juu ya Uvira. Ana haki ya kutazama. Lakini akilipa ziwa kisogo na kuingia mjini kwa miguu, atakutana na jambo limhusulo yeye zaidi kuliko mtalii, kwani mji huu ulianza kama kambi ya jeshi.

Wajerumani waliweka kituo chao hapa Usumbura, kama palivyoitwa wakati huo, mwaka 1897. Kabla ya hapo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Ujiji waliishia ufukoni. Rumaliza, aliyetamba kule Ujiji, alijaribu kuiingia Burundi kwa nguvu, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimrudisha. Kwa hiyo Mashariki haikuingia katika nchi hii kwa upanga. Iliingia nyuma ya bendera ya Magharibi: Mjerumani alikuja na askari wasemao Kiswahili, na wapagazi, na wachuuzi waliofuata mishahara ya askari hao. Mwaka 1916 Mbelgiji akamfukuza Mjerumani. Wale watu wakabaki.

Ndugu msomaji, dalili za safari hiyo huonekana kwa mwendo wa saa chache tu. Katika Mtaa wa Waasia mna maduka ya Wahindi na ya familia zenye asili ya Oman, na misikiti yao. Wagiriki nao walifanya biashara katika mji huu, na kanisa lao la Kiorthodoksi lingalipo. Katikati ya mji husimama majumba ya Wabelgiji, na kanisa kuu la Regina Mundi. Asubuhi mtu aweza kununua mkate mrefu wa Kifaransa, mchana akala samaki wa mukeke wa kukaanga, na jioni sambusa za barabarani. Wala hakuna atakayemwuliza ni chakula cha kabila gani. Soko kuu, ambamo watu hawa wote walikutana, liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, na biashara ikatawanyika mitaani.

Lakini moyo wa mchanganyiko huo ni Buyenzi. Wakoloni waliwatenga hapo Waswahili, watu wasiokuwa chini ya machifu wa vilimani, katika mtaa ulionyooka kama gwaride, wenye njia zilizopewa namba badala ya majina. Nyumba zimebanana, na ua mmoja hukaliwa na jamaa kadhaa. Gereji zimejaa kila upande. Mwana wa Mfalme, Louis Rwagasore, alipodai uhuru, aliungwa mkono mapema na Waswahili wa mtaa huu. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961 katika hoteli iliyo kando ya ziwa, kwa risasi ya Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, na kaburi lake liko mlimani Vugizo, likiutazama mji wote.

Hapana budi kusema pia habari isiyopendeza. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993 mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi. Mwezi Machi 1995 mauaji yalifika Bwiza na Buyenzi, na maelfu wakakimbilia Zaire. Watetezi wa haki za binadamu waliandika kwamba baadhi ya wenye sare hawakuwa kinga kwa kila raia. Msomaji wa ukurasa huu na asiipite sentensi hiyo upesi. Hata hivyo Buyenzi haikupasuka kama mitaa mingine. Mtu wa hapo alikuwa na jina la tatu: alikuwa Mswahili, aliyeoa kwa jirani na kuswali naye safu moja. Ilikuwa vigumu kumgawa mtu wa namna hiyo kwa kumtazama pua.

Tangu mwaka 2019 makao makuu ya kisiasa ni Gitega, na Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara. Sikuona kwamba Buyenzi imeathirika sana kwa uamuzi huo. Nilipopita huko jioni, adhana ikisikika kutoka misikiti miwili kwa pamoja, fundi mmoja alikuwa amelala chini ya gari. Kifaa alikitaja kwa Kifaransa, mwanafunzi wake akamkaripia kwa Kiswahili, na bei akapatana na mwenye gari kwa Kirundi. Polisi wawili wa doria walipofika walisimama, wakatoa salamu kwanza. Fundi akawajibu kutoka chini ya gari, bila kutoka.