UFAFANUZI KUHUSU SOKO HURIA LA NGUVU ZA KOMPYUTA

Watumishi wa umma na wananchi wanaarifiwa kuwa nguvu za kompyuta, yaani muda wa mashine na nafasi ya kuhifadhi kumbukumbu, siku hizi huuzwa sokoni kama bidhaa nyingine. Ili jambo hili lieleweke, yafaa kulilinganisha na korosho za Masasi na Newala.

Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa huko walizikataa bei za mnadani. Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Waliweza kukataa kwa kuwa korosho iliyo ghalani husubiri. (Ghala nalo lina gharama, lakini hilo ni jambo jingine.) Saa ya kompyuta haisubiri: isipotumika leo imepotea, na mashine imezidi kuchakaa. Ndiyo sababu kampuni ya Amazon, tangu Desemba 2009, huuza saa zilizobaki kwa bei nafuu, inayopanda na kushuka kufuatana na mahitaji.

Nafuu hiyo ina sharti: mwenye mashine aweza kuitwaa kwa taarifa ya dakika mbili tu. Ofisi itunzayo mishahara au hati za viwanja isiitumie kwa kazi hizo. Kwa hesabu zinazoweza kurudiwa, kama majumuisho ya takwimu za mwaka, hakuna kizuizi.