Kijana Akiumia Ubongo: Nyumba na Kikundi Wafanye Nini?



Safari hii tunataka kuongea juu ya shida iliyoingia nyumba nyingi tangu boda boda zilipojaa barabarani kwetu. Kijana ameanguka na pikipiki, au ameanguka kutoka kwenye mjengo, au amepigwa rungu kichwani. Anapelekwa hospitali. Watu wanachanga, bili inalipwa, na kijana anarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Majirani wanamshukuru Mungu na kwenda zao.

Baada ya miezi mitatu mama yake anaanza kusema, "Huyu siye yule niliyempeleka hospitali." Anakasirika kwa jambo dogo. Anasahau alichotumwa. Analala mchana kutwa. Basi watu wanasema ni uvivu, wengine ni bangi, wengine amerogwa.

Sisi tunasema hivi: kidonda cha nje kimepona, cha ndani bado. Hospitali imeokoa uhai, lakini kazi ya kumrudisha mtu katika maisha yake inafanyika nyumbani. Na kazi hiyo nyumba moja haiiwezi peke yake.

UBONGO UNAUMIAJE?

Fuvu ni gumu, ubongo ni laini. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na kujipiga kwenye fuvu. Unaweza kuvuja damu na kuvimba. Mguu ukivimba ngozi hupanuka, lakini fuvu halipanuki, kwa hivyo uvimbe unaubana ubongo wenyewe. Ndiyo sababu mtu anaweza kuumia vibaya hata kama hakuna damu iliyoonekana.

Kila sehemu ya ubongo ina kazi yake. Upande wa kushoto unaongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoongoza kusema. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga mambo, inayozuia hasira, na inayomwambia mtu "inuka sasa uanze kazi." Aliyeumia hapo anaweza kutembea na kusalimia watu vizuri kabisa, lakini ukimwambia akate nyasi za ng'ombe anakaa tu. Si kwamba anakataa. Kile kinachomwinua ndicho kilichoumia.

KISA KIMOJA CHA ZAMANI

Jambo hili halikuanza na boda boda. Madaktari wamelisoma kwa muda mrefu kutokana na kisa cha kijana wa Marekani aliyeitwa Phineas Gage. Alikuwa na miaka 25, msimamizi wa wafanyakazi wa reli katika jimbo la Vermont. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka na kurusha chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja. Kilimwingia chini ya shavu la kushoto na kutokea juu ya kichwa. Hakufa. Baada ya wiki kama kumi alirudi kwa wazazi wake kuuguzwa.

Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilibadilika. Alikuwa akitukana, hakuvumilia mtu, na alipanga mambo kisha akayaacha. Waliomwajiri hawakumrudisha kazini. Watu wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo. Lakini mwaka 1852 Gage alikwenda nchi ya Chile, akafanya kazi miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi. Watafiti wa siku hizi wanafikiri kazi ile, yenye mpango uleule kila siku, ilimsaidia kujirudia. Mwishowe aliugua, akaenda kwa mama yake karibu na San Francisco. Huko alishikwa na kifafa, akafa Mei 1860.

Hapa kuna mafunzo matatu. Jeraha la ubongo linaweza kubadilisha tabia. Kazi yenye utaratibu inaweza kumjenga mtu tena. Na kifafa kinaweza kuja hata miaka mingi baadaye, kwa hivyo msiache kliniki kwa sababu anaonekana mzima.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Siku iwe na mpango mmoja. Kuamka, kuoga, chai, kazi ndogo, kupumzika, chakula, kila kitu kwa saa yake. Akishajua kinachofuata, akili yake haichoki kutafuta.

2. Mwambieni jambo moja kwa wakati. Msiseme, "Chota maji, fungulia mbuzi, halafu upitie dukani." Semeni, "Chota maji." Akimaliza, mwambieni la pili.

3. Aandike. Awe na daftari na kalenda ukutani. Dawa, simu na viatu viwe na mahali pake pasipobadilika. Kusahau si dharau.

4. Apumzike. Ubongo ulioumia huchoka haraka sana. Kazi ya nusu saa kwake inaweza kuwa kama ya siku nzima kwenu. Kelele za redio na wageni wengi pia zinamchosha.

5. Hasira ikipanda, msibishane. Shusheni sauti, ondoeni watoto, zimeni redio, mpeni nafasi. Angalieni inatokea wakati gani. Mara nyingi ni njaa, kukosa usingizi, au kelele. Panga na shoka zisilale ovyo. Akipiga watu, elezeni kliniki. Msimfunge kamba wala kumficha chumbani.

6. Ni mtu mzima, msimfanye mtoto. Kama anahitaji kuogeshwa, ndugu yake wa kiume amwogeshe. Msizungumze habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Aulizwe maoni yake. Lakini pesa nyingi na siri ya M-Pesa zinahitaji mtu mwaminifu wa kumsaidia, kwa sababu matapeli wanajua kumtafuta mtu kama huyu.

7. Mwili usikakamae. Mwombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini awafundishe, kisha myafanye nyumbani kila siku. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili, asipate vidonda. Anayepaliwa alishwe akiwa ameketi wima, polepole, na daktari aambiwe.

8. Pombe hapana, hata kidogo. Dawa za kifafa zisiachwe bila ruhusa ya daktari. Na asirudi kwenye pikipiki mpaka daktari akubali. Pigo la pili juu ya la kwanza linaweza kuua.

RUDINI HOSPITALI UPESI KAMA

- kichwa kinazidi kuuma au anatapika tena na tena
- analala kupita kawaida, hawezi kuamshwa vizuri
- mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine
- mkono au mguu umelegea ghafla, au hawezi tena kusema
- ameshikwa na kifafa kwa mara ya kwanza, au kimepita dakika 5

Akishikwa na kifafa, mlazeni kwa ubavu na kuondoa vitu vigumu karibu naye. Msimtie kijiko mdomoni.

ATAPONA LINI?

Kwa wengi, hatua kubwa huonekana katika miezi 6 ya kwanza. Baadaye mwendo hupungua, lakini mtu anaweza kuendelea kupata nafuu miaka 2 na zaidi. Wengine hawarudi kama walivyokuwa. Kwa hivyo msimpime na yule wa kabla ya ajali. Mpimeni na yule wa mwezi uliopita. Mwezi uliopita alifunga vifungo viwili vya shati, sasa anafunga vyote. Hiyo ni hatua, isifiwe.

Na mzazi anayelia kwa sababu mwanawe amekuwa mtu mwingine, msimwambie, "Shukuru yuko hai." Anashukuru, na bado ana uchungu. Mambo haya mawili hukaa pamoja.

KIKUNDI KINAINGIA WAPI?

Harambee ya bili ya hospitali tunaijua. Harambee ya pili, ya miezi inayofuata, ndiyo tunayosahau. Kikundi kinaweza:

Kupeana zamu. Mwanachama mmoja akae na mgonjwa saa mbili kwa wiki, ili mama aende sokoni, kanisani, au alale tu. Mlezi akianguka, wameanguka wawili. Kama mgonjwa ana mke na watoto, nao wakumbukwe.

Kuweka kando nauli ya kliniki. Wagonjwa wengi hukosa mazoezi kwa ajili ya nauli, si kwa kukataa. Hakikisheni pia jamaa wamejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kumsaidia kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kama ulemavu umebaki. Ulemavu si wa miguu tu. Anza kwa kupimwa katika hospitali ya serikali, na mwone afisa wa Baraza katika kaunti yenu.

Kumpa kazi. Kwenye kitalu cha miche kuna kujaza udongo, kumwagilia, kuhesabu. Kazi moja, saa ileile, karibu na mtu anayemjua. Akikosea, mwonyesheni tena bila kumcheka.

Mwisho, wenye boda boda katika kikundi wavae helmeti na kuifunga kidevuni, na abiria naye awe na yake. Helmeti iliyotundikwa kwenye kioo hailindi kichwa cha mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni nani aliyeumia kichwa akarudi nyumbani? Mara ya mwisho tulimtembelea lini?
2. Ni nani anayemlea, na yeye anapumzika wakati gani?
3. Ni kazi gani moja ya kikundi tunayoweza kumpa kuanzia wiki ijayo?