Ukungu Katika Kabati la Askari

Mvua za Machi hadi Mei zinapoishukia nchi yetu ya Uganda, hasa kando ya ziwa toka Jinja hata Entebbe, askari wengi hufungua kabati na kukuta bereti ina madoa meupe, mshipi umegeuka kijani, na buti zilizong'arishwa juzi zinanuka uvundo. Mara nyingi lawama humwangukia mama wa nyumba, kwamba hakufua vema. Sisi twaona kuwa mama huyo hulaumiwa bure. Jasho na uchafu ni chakula cha ukungu, lakini kinachouotesha ni maji. Mbegu zake hazionekani kwa macho, nazo zimo katika hewa ya kila nyumba, ya kuruta na ya jenerali.

Jambo hili si geni jeshini. Katika Vita Kuu ya Pili, vitambaa vya pamba vya jeshi la Marekani vilioza upesi katika visiwa vya Solomon. Wataalamu walipochunguza walipata kuvu yenye kuyeyusha pamba, ambayo leo huitwa Trichoderma reesei. Kwa hiyo asemaye ukungu ni doa la kufutwa tu, na afahamu ya kuwa waweza kula uzi wenyewe. Hali kadhalika hula karatasi: vyeti vya utumishi, ambavyo bila hivyo kudai malipo ya uzeeni ni taabu tupu, visilazwe chini ya kabati. Na mtoto mwenye pumu asilale karibu nalo.

Kwanza yafaa kujua maji yatoka wapi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zake zote, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Kikilowa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani: pumzi, mapishi, na nguo zilizoanikwa chumbani. Wachache wajua kwamba lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke wa maji upatao lita moja. Basi mwenye kuwasha stovu ya mafuta ya taa ili akaushe chumba anakilowesha. Jiko la makaa ni baya zaidi. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Kama ni mvuke, sogeza kabati mbali na ukuta wa nje kadiri ya upana wa kiganja, uliinue juu ya matofali, na siku ya jua uache milango yake wazi. Sare iliyonyeshewa isiingie humo kabla ya kukauka kabisa, hata kama gwaride ni alfajiri. Ngozi yenye ukungu isuguliwe nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, kisha ikaushwe kivulini, moto huipasua. Mbao zioshwe kwa maji na sabuni. Atumiaye dawa ya klorini asiichanganye kamwe na siki wala amonia, kwa maana hutoka hewa ya sumu.

Lakini kama maji yamo ukutani, kazi hiyo imempita askari. Huenda mfereji wa paa umetoboka, au udongo umerundikana nje kupita kimo cha sakafu. Apeleke habari kwa afisa wa nyumba, kwa maandishi, na rangi ingoje mpaka ukuta ukauke.