Hipnosi, sigara na wanawake wa Kariakoo

Hipnosi ni utulivu mzito ambamo mtu, akiongozwa na sauti ya mtaalamu, hukusanya fikra zake mahali pamoja na kupokea maelekezo kwa wepesi. Halali usingizi wala hapokonywi akili. Baadhi ya wavutaji huitumia ili waachane na sigara, na mwaka 2008 watafiti Joseph Green, Steven Jay Lynn na Guy Montgomery walijumlisha tafiti 12 za aina hiyo. Katika kila wanaume 100, takriban 30 walisema wameacha. Kwa wanawake, 23. Ni rahisi mtu kurukia kusema kwamba akili ya mwanamke haiongozeki. Lakini vipimo vya wepesi wa kuingia hipnosi haviwaweki wanawake nyuma. Pengine wako mbele kidogo. Isitoshe, wanawake hufanikiwa kidogo kuliko wanaume hata kwa bandiko la nikotini, ambalo halisemi neno na akili ya mtu.

Sababu basi itafutwe kwingine. Ya kwanza ni ya mwili: mwanamke huivunja nikotini haraka kuliko mwanaume, na zaidi akitumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ya pili, ambayo mimi naipa uzito mkubwa zaidi, ni jicho la watu. Mwanaume wa Kariakoo, Dar es Salaam, hununua sigara moja moja kibandani, huiwasha hapohapo Mtaa wa Msimbazi, na akiamua kuacha huwaambia wenzake kijiweni wamvumilie na arosto yake. Mwanamke anayevuta huitwa mhuni. Hujificha anapovuta, hubana ugoro chini ya mdomo, na kwa kuwa hakuna ajuaye kwamba anatumia, hakuna wa kumsaidia kuacha. Kliniki ya hospitali ya Muhimbili inayotibu uraibu wa heroini kwa methadoni, iliyofunguliwa Februari 2011, ilikutana na kikwazo hichohicho: wanawake waliojiandikisha walikuwa wachache sana mbele ya wanaume. Heroini si sigara, najua, ila aibu inayomzuia mwanamke mlangoni ni ileile.

Atasema mtu: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 14.6 ya wanaume wazima wanatumia tumbaku na asilimia 3.2 tu ya wanawake, sasa kelele za nini? Hizo 3.2 ni wale waliokubali kumwambia mgeni mwenye dodoso, tena mara nyingi wakiwa nyumbani kwao. Mwingine atauliza kama basi wanaume wakimbilie hipnosi. Hapana. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2019, yenye tafiti 14 na watu zaidi ya 1,900, hayakupata ushahidi wa wazi kuwa inazishinda njia nyingine, na wale wanaume 30 katika kila 100 walipimwa zaidi kwa kauli zao. Fedha ya hospitali iende kwenye ushauri na dawa za nikotini, ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Dawa nyingine za kuacha sigara, bupropioni na vareniklini, ziliongezwa 2021.

Na ushauri huo usimngoje mwanamke ajitangaze. Mama huja mwenyewe kliniki kupima uzito wa mtoto, Mnazi Mmoja au kwingineko. Muuguzi afunge mlango, amuulize kuhusu sigara na ugoro kama anavyomuuliza kuhusu presha, na jibu lolote asishtuke.